Mwaka wa kwanza wa mkuu mpya wa chuo: tathmini ya mtumiaji wa huduma

Ripoti ya mwaka ya mkuu wa chuo huwa na sura moja karibu kote nchini: picha ya mkuu akipeana mkono na mgeni wa heshima, picha ya mkuu akipanda mti, orodha ya mikataba ya ushirikiano iliyotiwa saini, na neno "mafanikio" kila baada ya aya mbili. Ripoti ya chuo ninachokusudia kukitathmini hapa, kimojawapo cha vyuo vya ufundi vya umma katika Kaunti ya Mombasa, haikukiuka desturi hiyo. Imechapishwa kwa karatasi nzito ya kung'aa, iligawiwa siku ya mahafali, na inasimulia mwaka wa kwanza wa mkuu mpya tangu alipoingia ofisini. Nimeisoma yote, pamoja na majedwali ya mwishoni ambayo wengi huyaruka, kwa kuwa mimi ni mtumiaji wa huduma za chuo hicho kwa njia mbili: nina karakana ndogo ya majokofu na viyoyozi mtaani Shimanzi, ambayo hupokea wanagenzi wa mafunzo ya kazini, na nina mpwa wangu anayesomea huko stashahada ya umeme. Chuo sikitaji kwa jina, wala mkuu wake, maana baadhi ya niliyo nayo si ya sifa.

Nitangulize hukumu. Mwaka huu umekuwa mzuri, na chuo ambacho mkuu huyu anaingia nacho katika mwaka wake wa pili ni bora kuliko kile alichokipokea. Hata hivyo, sababu za ubora huo ni nadra kuzipata katika kurasa za mbele za ripoti. Kazi yake iliyozaa matunda kuliko zote imepewa mistari miwili karibu na mwisho, chini ya kichwa kisemacho "Ununuzi na Bohari", baina ya taarifa ya viti vilivyokarabatiwa na taarifa ya kunyunyizia dawa ya mchwa.

Mafunzo ya ufundi hutegemea vitu vinavyotumika vikaisha: paipu za shaba, vijiti vya kuchomelea, gesi, nyaya, mbao, saruji. Mashine kubwa ya msaada hupigwa picha na kuwekwa ripotini, ilhali kinachomfunza mwanagenzi ni kile anachokiharibu mara kadhaa kabla hajakipatia. Katika chuo hiki, kabla ya mkuu wa sasa, mahitaji ya idara zote yalikusanywa mara moja kwa mwaka wa fedha, ambao kwa taasisi za umma huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, kisha zabuni ikatangazwa, ikasubiriwa, ikalalamikiwa, na vifaa vikafika wanafunzi wakiwa wanajiandaa kwa mitihani. Katika kipindi hicho chote mkufunzi alifanya kazi yeye peke yake mbele ya darasa, wengine wakatazama, halafu wote wakarejea madawatini kuandika walichokiona. Mpwa wangu alinieleza hali hiyo kwa maneno machache: "Mjomba, sisi twasoma kufunga nyaya kama watu wasomavyo historia."

Alichokifanya mkuu mpya hakina ajabu kwa mtu aliyewahi kuendesha duka. Aligawa fedha za ununuzi kwa mihula, kila mkuu wa idara akapewa fungu lake na kutakiwa kulitolea hesabu, kisha akatumia nafasi iliyomo katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 ya kuingia mikataba ya bei na wauzaji kwa kipindi kizima, ili kila muhula vifaa viagizwe bila ya zabuni kuanzishwa upya. Kwa kuwa serikali huzitaka taasisi zake zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, baadhi ya wauzaji walioingia katika mikataba hiyo ni vijana wa hapa hapa mjini, na mmoja wao hununua shaba ninakonunua mimi. Karani wa bohari naye aliagizwa kutoa vifaa siku ile ile fomu inapotiwa saini, na kubandika mlangoni orodha ya vilivyomo na vilivyokwisha. Orodha hiyo nimeiona kwa macho yangu. Imeandikwa kwa mkono, ina makosa ya tahajia, na ndiyo waraka ninaouamini kuliko waraka mwingine wowote chuoni humo.

Matokeo yake yalifika mlangoni pangu. Mapema mwaka huu nilimpokea binti mmoja kutoka idara ya majokofu, nikampa kazi ambayo huwapa wageni wote siku yao ya kwanza: kukata paipu ya shaba, kuitanua mdomo, kuifunga kwenye kiyoyozi cha ukutani na kuhakikisha kwamba haivuji. Aliikata kwa kikatio cha gurudumu akikizungusha polepole bila ya kukikaza kwa nguvu, akaukwangua ukingo wa ndani huku ameielekeza paipu chini ili vumbi la shaba lisiingie, kisha akaivisha nati kabla ya kuutanua mdomo. Mwenye kuijua kazi hii ataelewa kwa nini hilo la mwisho lilinifurahisha, kwani aliyejifunza kwa kutazama tu hutanua mdomo kwanza, halafu ndipo anapogundua kwamba nati imebaki mezani. Alipomaliza alijaza naitrojeni, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kusimama akiitazama geji. Nilimwambia kwamba imetosha. Alinijibu kwa adabu, "Bado, fundi, tungoje kidogo tuone kama itashuka." Baadaye alinieleza kwamba muhula uliotangulia kila mmoja wao alipewa kipande chake cha paipu, na ambaye kiungo chake kilivuja alikianza upya, hata kama ni saa kumi jioni na wenzake wameshakwenda zao.

Wanagenzi niliowapokea miaka ya nyuma kutoka chuo hicho hicho walikuwa na akili zile zile na hamu ile ile, lakini majuma ya kwanza yalinipotea nikiwafunza kushika vifaa. Hapa pwani kosa dogo halisameheki, kwa kuwa hewa ya chumvi hula mapezi ya kondensa na kudhoofisha viungo haraka kuliko bara, na kiyoyozi kilichofungwa ovyo Nyali au Shanzu hurudi kwa fundi kabla ya msimu wa joto kwisha. Kwa hiyo ninapoihesabu faida ya uongozi wa mwaka huu ninaihesabu kwa gesi ambayo sikuimwaga na wateja ambao hawakunipigia simu wakinung'unika.

Idara hiyo ina pengo ambalo bohari peke yake haiwezi kuliziba. Wanagenzi bado wanafunzwa zaidi kwa gesi za kupozea za R-22 na R-134a, wakati viyoyozi vipya vinavyouzwa mjini vimejaa R-410A na R-32, na friji nyingi za nyumbani zinakuja na R-600a, ambayo hushika moto. R-22 iko katika orodha ya gesi zinazoondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 wa kulinda tabaka la ozoni, na nchi kama yetu zinatakiwa kuwa zimeikomesha kufikia mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Kijana anayeanza stashahada leo atafanya kazi maisha yake yote baada ya tarehe hiyo. Kumfunza asiwashe moto karibu na gesi hizo mpya, atumie pampu na vifaa vya kugundua uvujaji vinavyozifaa, na aufungue mlango wa chumba kabla ya kuanza kazi, ni jambo la usalama wa roho yake na ya mteja wake. Ripoti imejaa sentensi kuhusu teknolojia ya kisasa, hili halimo.

Usimamizi wa mafunzo ya kazini umebadilika pia, na hapa sifa ni za mkuu mwenyewe, kwani wakufunzi waliniambia wazi kwamba agizo lilitoka kwake. Zamani mkufunzi aliyepaswa kuja kumkagua mwanagenzi alinipigia simu, akaniuliza "Kijana wenu anaendeleaje?", nikajibu kwamba anaendelea vyema, na alama zikaandikwa. Sasa mkufunzi huja mwenyewe, hulisoma daftari la kazi la mwanagenzi ukurasa kwa ukurasa, humtaka afungue mashine mbele yake, kisha huniuliza mimi ni kitu gani chuo hakikumfunza. Mtaala wa umilisi unaosimamiwa na TVET CDACC, baraza la serikali la mitaala na upimaji wa mafunzo ya ufundi, unadai ushahidi wa kazi aliyoifanya mwanagenzi kwa mikono yake, na mtathminiwa huishia kuwa amemudu au bado hajamudu, hivyo ziara ya kweli ina uzito mkubwa kuliko zamani. Chuo kilianza kuwarudishia wakufunzi nauli ya ziara hizo kwa wakati. Nahisi hilo ndilo lililowatoa ofisini.

Kuhusu karo, sina maneno mazuri. Tangu serikali ilipohamishia malipo ya taasisi zake katika eCitizen, mzazi hulipa kwa simu kupitia nambari 222222, na foleni ndefu ya dirisha la mhasibu imekwisha, jambo ambalo ripoti inalihesabu kuwa mafanikio ya mkuu ingawa liliamuliwa Nairobi. Lililo mikononi mwa chuo ni kulinganisha malipo yaliyoingia na jina la mwanafunzi, na hapo ndipo penye kero. Nililipa karo ya mpwa wangu mapema, nikapata ujumbe wa kuthibitisha, lakini akaunti yake chuoni ilibaki inaonyesha deni hadi juma la mitihani, akanyimwa kadi ya mtihani, akazungushwa baina ya ofisi ya msajili na ofisi ya fedha akiwa na ujumbe huo mkononi. Hatimaye karani mmoja mwenye huruma alimwandikia barua. Kijana wa Jomvu ambaye mama yake anauza mboga Kongowea, na ambaye karo yake imekusanywa kwa mkopo wa HELB, basari ya eneo bunge na harambee ya jamaa, huja na malipo matatu yenye tarehe tatu tofauti, na kwake usumbufu huo huongezeka. Mkuu aliyeweza kumfanya karani wa bohari atoe vifaa siku ile ile anaweza kuifanya ofisi ya fedha ilinganishe malipo kila Ijumaa.

Wakufunzi ni suala ambalo haki yamdai mtu apime kwa mizani sahihi. Waajiriwa wa kudumu katika vyuo vya umma huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Umma, ambako walihamishiwa kutoka tume ya walimu, TSC, na mkuu wa chuo hawezi kuamka asubuhi akaajiri watatu. Pengo huzibwa na wakufunzi wa mkataba wanaolipwa na bodi ya chuo kutokana na karo, na hao ndio huondoka kimyakimya katikati ya muhula mishahara inapochelewa. Mwaka huu mpwa wangu hakupoteza mkufunzi hata mmoja. Ripoti haina neno juu yao, labda kwa kuwa mtu asiyeondoka hapigwi picha.

Sasa nije kwenye kurasa za mbele. Lango jipya ni zuri, lina kibanda cha mlinzi chenye kiyoyozi (ambacho, samahani, kimefungwa kwa mwinamo usiofaa na maji yake yanachuruzika ukutani). Mikataba ya ushirikiano ni mingi, na niliposoma yote niliona kwamba sehemu kubwa inaahidi "kubadilishana uzoefu" bila ya kutaja idadi ya wanagenzi, mwezi wa kuanza, wala nani atalipa nauli. Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mkataba unaohitaji kurasa nne za picha hunitia shaka. Naelewa shinikizo lilipo: tangu mwaka 2004 mashirika ya serikali nchini hutia saini kandarasi za utendakazi, taasisi hupimwa kila mwaka kwa vigezo vilivyokubaliwa, na mkataba uliotiwa saini ni rahisi kuhesabu kuliko kiungo cha paipu kisichovuja. Jiko jipya la idara ya ukarimu na utalii nalo limo, na picha yake ya kukata utepe imechukua ukurasa mzima. Majiko yamepangwa vizuri. Gesi haijaunganishwa.

Kilichonishangaza ni kutokuwepo kwa bandari. Mji huu unaishi kwa Kilindini. Maparachichi ya Kenya huondoka hapa ndani ya makontena ya baridi ambayo yanahitaji mafundi wa kuyaangalia usiku na mchana, kituo kipya cha mafuta cha Kipevu kilifunguliwa mwaka 2022, na eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu linajengwa ng'ambo ya pili. Mafunzo ya mabaharia yana mahali pake katika Chuo cha Bandari, lakini fundi umeme na fundi wa majokofu anayeingia katika yadi za makontena anaweza kutoka chuo cha kawaida cha ufundi, tena kilicho umbali wa matatu moja. Katika mikataba yote iliyoorodheshwa hakuna hata mmoja na kampuni inayoshughulika na makontena ya baridi.

Historia ya mafunzo ya ufundi Mombasa inafaa kukumbukwa hapa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Waislamu, iliyojulikana zaidi kwa kifupi MIOME, kwa michango iliyotoka kwa Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya wakati huo. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya kiufundi, mwaka 1972 politekniki, mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 chuo kikuu kamili. Kupanda huko ni fahari ya mji, lakini kila chuo kinapopanda daraja, kazi ya kumfunza fundi wa cheti na stashahada huwaelemea zaidi wale waliobaki chini. Politekniki ya Kitaifa ya Pwani, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2016, inabeba sehemu yake, na vyuo kama hiki ninachokitathmini vinabeba iliyobaki. Ndiyo maana sioni aibu kumsifu mkuu kwa ajili ya vijiti vya kuchomelea.

Kuna jambo dogo ambalo lazima nilitaje. Vipindi vya kwanza vimesogezwa mbele kwa nusu saa, kwa sababu wanagenzi wengi hutoka Likoni na kivuko cha asubuhi hakina saa maalumu. Hakuna fedha iliyotumika, hakuna utepe uliokatwa, na kijana aliyekuwa akifungiwa nje ya karakana kwa kosa la feri sasa huhudhuria.

Uwazi wa chuo umekuwa nusu kwa nusu. Bango la mkataba wa huduma lililoko mapokezini limeandikwa upya kwa Kiswahili na Kiingereza, likionyesha kila huduma, masharti yake, gharama na muda wa kuipata, na nilipoomba nakala ya ripoti nilipewa siku hiyo hiyo, ingawa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inawapa siku 21. Kwa upande wa pili, ripoti haisemi ni wangapi walioanza kozi na wangapi waliomaliza, wala ni wangapi waliopata kazi baada ya kufuzu, na sehemu ya fedha imeandikwa bila ya maoni ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Yumkini maoni hayo yalikuwa hayajatoka, kwani Katiba inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Sentensi moja ya kueleza hivyo ingetosha.

Kwa mwajiri anayefikiria kupokea wanagenzi wa chuo hiki, ushauri wangu ni kuwapokea, hasa wa majokofu na wa umeme, na kuwapa tangu siku ya kwanza kazi halisi iliyo na usimamizi. Mzazi anayemleta mwanawe katika usajili wa Januari, Mei au Septemba anaweza kumwandikisha katika idara hizo bila ya wasiwasi, alimradi ahifadhi kila ujumbe wa malipo na aulizie hali ya akaunti mwezi mzima kabla ya mitihani, bila ya kungoja kuitwa. Idara ya magari sina uzoefu nayo wa kutosha kuisemea. Kwa mwenye kutaka mapishi na huduma za hoteli, mimi ningengoja walau muhula mmoja, hadi lile jiko liwashwe.